Rungu la Kuhani na Fimbo za Mara

 

Leo nazungumzia rungu. Simaanishi lile la mlinzi wa usiku, wala lile la mchungaji anayerudisha ng'ombe zizini. Nazungumzia rungu ambalo kijana wa dini ya Zarathushtra hulishika siku anapoingia katika ukuhani. Najua wapo watakaojiuliza dini ya Iran ya kale inatuhusu nini sisi watu wa Mara, kando ya Ziwa Viktoria. Nitawajibu kwa kwenda taratibu, kutoka Iran hadi India, kutoka India hadi Unguja, kisha nirudi nyumbani. Jambo ninalotaka tuelewane ni hili: silaha ikiingizwa katika ibada au katika utawala, utukufu wake hautoki katika fedha iliyotumika kuifua wala nakshi zilizochongwa juu yake. Hutoka katika masharti aliyofungwa nayo mshikaji, na masharti hayo hutamkwa mbele ya watu. Masharti yakisahauliwa, mkononi hubaki mti mtupu.

Tuanze na watu wenyewe. Wafuasi wa Zarathushtra humwabudu Mungu wanayemwita Ahura Mazda. Wasomaji wa Biblia mnamjua Mfalme Dario wa kitabu cha Ezra, aliyeruhusu hekalu la Yerusalemu liendelee kujengwa. Dario huyo alimtaja Ahura Mazda tena na tena katika maandishi aliyochonga mwambani huko Behistun. Baadaye dini hiyo ikawa dini ya dola ya Wasasani, mpaka majeshi ya Waarabu Waislamu yalipoiangusha dola hiyo katika karne ya 7. Sehemu ya waumini wakahamia Gujarat, magharibi mwa India, na huko wakaitwa Waparsi, yaani watu wa Uajemi. Moto wao mtukufu kuliko yote, Iranshah, uko katika mji mdogo wa Udvada tangu mwaka 1742, na haujaachwa uzimike.

Safari za Bombay na Unguja ziliposhamiri katika karne ya 19, Waparsi nao walikuja: makarani, mafundi wa mitambo, wafanyabiashara. Walikuwa wachache, lakini walikuwa na hekalu lao la moto kisiwani. Mtoto wao anayejulikana zaidi duniani ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Familia iliondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na msanii huyo alipofariki mwaka 1991, makuhani wa dini ya wazazi wake ndio walioongoza mazishi yake London. Nimeeleza haya ili tuone kwamba hatuzungumzii watu wa hadithini. Waliishi katika nchi yetu, walilipa kodi hapa, na waliwasha moto wao hapa.

Sasa tuingie hekaluni, tukiwa na adabu, kwa sababu kwa desturi ya Waparsi asiye wa dini yao hakanyagi chumba cha moto.

Ukuhani wao hurithiwa upande wa baba. Mtoto wa kiume wa ukoo wa makuhani huanza mapema kujifunza kwa moyo maombi ya Avesta, maandiko yao matakatifu; Mumbai kipo chuo cha Dadar, kilichoanzishwa mwaka 1919, kinacholea vijana hao bwenini. Daraja ya kwanza huitwa navar. Kabla ya kuipata, kijana hupitia utakaso mzito uitwao bareshnum: huoshwa kwa utaratibu maalumu, kisha hukaa siku tisa mchana na usiku akiwa ametengwa na watu, akisali. Akimaliza, hurudia tena mara ya pili. Mtoto wa miaka kumi na mbili au kumi na tatu hukaa siku hizo zote bila michezo, bila kuguswa na mama yake. Katika shughuli yote ya navar hakuna kinachonigusa zaidi ya utengo huo, kwa sababu ukuhani wa kijana huyu huanzia katika kujizuia, kabla ya sherehe yoyote.

Siku ikifika, kijana huvikwa mavazi meupe na kilemba cheupe. Mkono mmoja hubeba shali, na mkono mwingine hushika gurz, yaani rungu la madini lenye kichwa cha fahali. Makuhani, jamaa na marafiki humsindikiza kwa maandamano hadi hekaluni. Maelezo ya Waparsi wenyewe ni mafupi na yanatosha: kijana anaingia jeshini, na adui ni uovu. Jivanji Jamshedji Modi, kuhani na mwanazuoni wa Bombay, aliyaandika mengi ya mambo haya katika kitabu kikubwa juu ya ibada za watu wake kilichochapishwa mwaka 1922, na kila anayetaka kuyajua bado huanzia kwake.

Na hapa nawaomba msikilize kwa makini. Kijana akifika mbele ya makuhani waliokusanyika, joho, shali na kilemba huvuliwa. Fahari yote ya maandamano hutolewa mwilini mwake. Anasimama ili wazee wa dini waone kwamba mwili wake ni mzima, na mmoja wao huwaomba wenzake idhini kwamba kijana huyu aingizwe. Mwenye pingamizi, huo ndio wakati wake. Idhini ikipatikana, ndipo anapoingia mahali pa ibada na kuanza kuisoma Yasna, maombi ya ibada yao kuu, yenye sura 72, na shughuli huendelea kwa siku nne. Kwa hiyo rungu alilotembea nalo barabarani halikumfanya kuhani. Aliyemfanya kuhani ni mkutano uliomtazama akiwa amevuliwa, ukamkubali.

Mbele ya moto wenyewe kuhani hufunga kitambaa cheupe kinywani ili pumzi na mate yake yasiuchafue. Mara tano kwa siku moto hulishwa kuni za msandali, na katika ibada hiyo kuhani hupiga kengele anapotamka maneno ya kukataa mawazo mabaya, maneno mabaya na matendo mabaya. Katika mahekalu makubwa, panga na marungu huning'inizwa kwenye kuta za chumba hicho cha moto. Vita wanavyovitangaza ni vya mawazo, maneno na matendo, na uwanja wake wa kwanza ni kifua cha kuhani mwenyewe.

Kwa nini kichwa cha fahali? Maandiko ya Avesta yanamsifu Mithra, mlinzi wa mapatano, kuwa na rungu la kutisha lenye mafundo mia moja na makali mia moja. Mlinzi wa mapatano ndiye mwenye rungu: hilo peke yake lingetosha mhadhara mzima. Lakini masimulizi ambayo Wairani wengi wanayajua ni ya Fereydun, na mshairi Ferdowsi aliyaweka katika Shahnameh, utenzi alioukamilisha karibu mwaka 1010.

Mfalme Zahhak alikuwa dhalimu. Nyoka wawili waliota mabegani mwake, na kila siku walilishwa ubongo wa vijana. Fereydun, mtoto ambaye baba yake aliuawa na Zahhak, alifichwa na mama yake malishoni, akanyonyeshwa na ng'ombe wa ajabu aliyeitwa Barmaya. Zahhak alipopata habari, alimchinja ng'ombe huyo. Mtoto akakua. Mfua chuma Kaveh, aliyepoteza wanawe kwa ajili ya nyoka wale, alitoka mbele ya mfalme, akafunga ngozi yake ya kazi kwenye mkuki ikawa bendera, na watu wakamfuata hadi kwa Fereydun. Fereydun akawaita wafua vyuma, akawachorea mchangani umbo la kichwa cha ng'ombe, akawaambia wamfulie rungu la namna ile. Aliyemnyonyesha alikuwa ameuawa, naye akabeba sura yake kwenda kudai haki.

Alipomkuta Zahhak alimpiga kwa rungu lile mpaka kofia yake ya chuma ikapasuka. Akainua mkono ammalize. Hapo akatokea malaika Sorush akamzuia: asimuue, amfunge. Fereydun akatii. Alimfunga Zahhak ndani ya mlima Damavand, na mkono uliokuwa umeinuliwa ukashushwa.

Hilo ndilo rungu ambalo mtoto wa Kiparsi anakabidhiwa. Lina kumbukumbu ya ng'ombe aliyelea yatima, lina kilio cha mfua chuma, na lina amri ya kusimama. Mtu mwenye nguvu ya kuua, mwenye haki ya kisasi, aliambiwa basi, akaacha. Sijaona sharti zito kuliko hilo kwa mtu yeyote anayepewa silaha.

Msikilizaji wa Kizanaki au wa Kikurya hahitaji kufundishwa kwa nini ng'ombe awe juu ya alama ya heshima. Mahari yetu, faini zetu, upatanisho wetu, vyote vimepita zizini. Ng'ambo ya pili ya ziwa letu, huko Karagwe, watawala wa Bweranyange walitunza miongoni mwa hazina zao ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, wenye pembe ndefu, kazi ya mikono ya wahunzi iliyoshinda mafundi wengi wa zamani zile. Msafiri Mwingereza Speke alikaa huko kwa Mtawala Rumanyika mwaka 1861. Baadhi ya ng'ombe hao wa chuma sasa wamo makumbushoni Ujerumani. Siwahusishi wahunzi wa Karagwe na Fereydun. Mataifa ya wafugaji yaliyo mbalimbali yanaweza kufikia wazo moja bila kukutana.

Kwa upande mwingine, ziko alama za Iran zilizofika kweli pwani yetu. Kila Julai, Makunduchi, kusini mwa Unguja, watu huadhimisha Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya inayohesabiwa kwa kalenda ya jua, nayo ni ndugu wa Nauruzi ya Uajemi. Wanaume wa pande mbili za mji huingia uwanjani na kupigana kwa vigogo vya migomba. Hupigana kweli, kwa nguvu, lakini silaha imechaguliwa ili isivunje mfupa. Kinyongo cha mwaka mzima humalizwa pale. Kibanda huchomwa moto, akina mama huimba, watu hula pamoja. Washirazi wa Makunduchi ni Waislamu, wala sherehe yao si ibada ya Zarathushtra. Lakini wamehifadhi utaratibu ambao mtu hupewa ruhusa ya kupiga, hupangiwa apige kwa kitu gani na kwa muda gani, kisha jamii nzima humwambia imetosha.

Sasa turudi Mara.

Kijana wa Kikurya aliyetahiriwa hurudi nyumbani kwa maandamano. Ndugu na rika lake humzunguka kwa nyimbo, wakiinua marungu, fimbo na mikuki. Mgeni akitazama ataona vurugu. Mwenyeji anajua kwamba kila hatua imeruhusiwa: wazee wa inchama, baraza lile la siri linalotunza mambo ya ibada na usalama wa ukoo, ndio waliotazama dalili na kukubali kwamba mwaka huu watoto watahiriwe, na iritongo, mkutano wa hadhara, ndipo mambo ya watu wote huzungumzwa. Silaha inayochezwa barabarani imeshapita kwenye vinywa vya wazee. Nafahamu kwamba mkoa huu umezika watu kwa sababu ya mapigano ya koo na wizi wa mifugo, hasa upande wa Tarime. Ninachojifunza hapo ni kwamba vijana walibaki na marungu siku ambazo vinywa vya wazee vilikuwa vimenyamaza au vimepuuzwa.

Wazanaki, Waikizu, Wanata, Waikoma na Wangoreme walikuwa na nyangi, ngazi za uzee. Mtu mzima hakuamka asubuhi akajiita mzee mkubwa. Alipanda ngazi kwa ngazi, akalisha watu, akafundishwa yale ambayo walio chini yake hawakuyajua, na kila ngazi ilikuwa na alama zake na miiko yake. Waikoma nao wana Machaba, pembe za ndovu ambazo masimulizi yao yanasema walizipata kwa mganga wa Kitatoga. Pembe hizo hutunzwa kwa taratibu zinazoiunganisha jamii yote. Sokoni, pembe za ndovu ni bidhaa haramu. Kwa Waikoma, Machaba ni mkataba.

Waikizu wa Bunda wanamkumbuka Nyakinywa, mwanamke mleta mvua aliyetoka Kanadi, kuwa chanzo cha utemi wao, chini ya mlima Chamuriho. Utemi uliojengwa juu ya mvua hupimwa kila msimu. Mtemi anaweza kuvaa ngozi nzuri kiasi gani, anaweza kushika fimbo ya aina gani, mashamba yakikauka watu wanamtazama yeye. Huo ni ukaguzi mkali kuliko mwingi ninaouona katika ofisi zetu.

Kisha wakaja wakoloni, na hapa ndipo fimbo zetu zilipopata ugonjwa. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walihitaji mtu mmoja wa kukusanya kodi na kutoa vibarua. Jamii nyingi za Mara hazikuwa na mtu mmoja wa namna hiyo. Zilikuwa na wazee wa nyangi, walinzi wa mvua, manabii na mikutano. Basi serikali ikateua. Nyerere Burito, baba yake Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, rais wetu wa kwanza, alithibitishwa kuwa chifu wa Wazanaki na Wajerumani mwaka 1915, na Waingereza wakamkubali. Alishika nafasi hiyo hadi alipofariki mwaka 1942. Alikuwa mtu mwenye heshima kwa watu wake, na heshima hiyo haikutoka Berlin. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa umegeuka. Zamani mwenye fimbo aliwaogopa waliomkabidhi, nao walikuwa jirani zake. Chifu wa serikali angeweza kufukuzwa na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, hata kama wanakijiji wote wanampenda, na angeweza kubakizwa hata kama wote wanamchukia. Niwe wazi: simlaumu chifu yeyote mmoja. Naulaumu mfumo uliouhamisha mkutano kutoka chini ya mti ukaupeleka ndani ya ofisi ya mtu mmoja.

Mtoto wa Chifu Burito, Kambarage, aliyepewa jina la mzimu wa mvua kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922 na kuanza shule ya Mwisenge, hapa Musoma, mwaka 1934. Mnaijua shule hiyo. Baadhi yenu mmesoma pale. Mwaka 1963 serikali yake ilifuta mamlaka ya machifu nchini kote, na kaka yake, Edward Wanzagi, aliyekuwa chifu wa Wazanaki, alikuwa miongoni mwa walioguswa. Wapo wazee ambao mpaka leo wanaona kwamba tulipoteza kitu. Nakubaliana nao kwa sehemu. Uchifu wa kiserikali ulistahili kwenda. Lakini katika kuuondoa, yale ya chini yake, yaliyokuwa ya kale kuliko Mjerumani, nayo yalinyamazishwa: nyangi, miiko, maswali ambayo wazee walimuuliza mtu kabla ya kumpa alama.

Picha nyingi za Mwalimu zinamwonyesha na kifimbo mkononi au kwapani. Hadithi juu ya kifimbo hicho ni nyingi. Tumekua tukisikia kwamba kilikuwa na nguvu, kwamba asingekiacha, kwamba maadui walikiogopa. Siwezi kuwakataza watu hadithi zao. Ila naona zinatuondoa kwenye jambo kubwa zaidi. Mwalimu alichaguliwa kuongoza chama cha TANU katika mkutano, tarehe 7 Julai 1954. Aliupita mtihani wa mkutano wa Tabora mwaka 1958, juu ya kura tatu, yaani kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, palipokuwa na wajumbe waliompinga waziwazi. Aliacha uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, akaenda kukijenga chama. Na Novemba 1985 aliacha urais, akarudi Mwitongo, nyumbani kwake Butiama, akiwa hai, na mikono yake ikiwa na nguvu za kulima. Nguvu ya kifimbo kile niitafute wapi zaidi ya hapo? Yeye naye aliushusha mkono.

Hapa karibu tuna mfano mwingine ambao Wakatoliki mliomo humu mmeushuhudia. Jimbo la Musoma liliundwa mwaka 1957, na Jimbo la Bunda mwaka 2010, Askofu wake wa kwanza akiwa Renatus Nkwande. Askofu anapowekwa wakfu, waamini husikia kwanza barua ya uteuzi ikisomwa. Kisha mteule huulizwa maswali mbele ya watu wote, moja baada ya jingine: atafundisha, atatii, atawahurumia maskini? Hujibu kila swali. Hulala kifudifudi sakafuni. Huwekewa mikono. Hupewa Injili, pete na kofia ya kiaskofu. Fimbo ya kichungaji huja mwisho. Ukiwa na jirani Mkatoliki, mwombe akueleze shughuli ile, utaona jinsi mpangilio wake ulivyo na akili: ahadi zimetangulia, mti umefuata.

Bungeni pia, Spika anapoingia ukumbini Dodoma, hutanguliwa na Mpambe wa Bunge aliyebeba siwa, na siwa hiyo huwekwa mbele ya Spika. Utaratibu tuliupokea kwa Waingereza. Jina tumelitoa pwani, ambako siwa ni baragumu kubwa ya watawala na waungwana. Siwa ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kule Uingereza, tarehe 20 Aprili 1653, Oliver Cromwell aliingia Bungeni na askari, akawafukuza wabunge na kuamuru rungu lao liondolewe. Alifanikiwa kuliondoa. Hata hivyo nchi ilipotulia, watu walirudi kwenye Bunge na wakatengeneza rungu jingine, kwa sababu kilichowapa wabunge rungu lile ni ruhusa ya watu, na hiyo haichukuliki na askari.

Nafurahi sana kukumbusha kwamba mmoja wa maspika wetu wa mwanzo, aliyeanza kazi mwaka 1962, alikuwa Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe, mjukuu wa Mkwawa aliyewapiga Wajerumani. Na Erasto Mang'enya, aliyemfuata mwaka 1973, naye alikuwa ametoka katika uchifu wa Wabondei. Watu hawa waliacha fimbo za koo zao wakaketi nyuma ya siwa ambayo wabunge wangeweza kuiondoa mbele yao kwa kura. Sijui kama tumewahi kuwaheshimu vya kutosha kwa uamuzi huo.

Buganda wamepata njia nyingine, na inanivutia. Katikkiro, waziri mkuu wa Kabaka, yaani mfalme wao, hukabidhiwa fimbo iitwayo Ddamula, fimbo ya kuamua kesi za watu. Mei 2013 Charles Peter Mayiga aliipokea kutoka kwa Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II, baada ya mtangulizi wake kuirudisha. Inarudishwa! Fimbo hiyo haiendi nyumbani kwa aliyestaafu ikatundikwa sebuleni. Linganisheni na Februari 2020 kule Kabarak, Kenya, Rais mstaafu Daniel arap Moi alipozikwa: rungu lake lilikabidhiwa mwanawe Gideon mbele ya waombolezaji. Ukoo una haki ya kutunza kumbukumbu ya baba, na tendo lile lilikuwa la heshima. Ni vizuri tu tukumbuke kwamba lile ni rungu la mtu, na Ddamula ni fimbo ya cheo. Cheo hakizikwi.

Nikirudi kwa Waparsi: idadi yao duniani inapungua, na Unguja wamebaki jina. Lakini ukitaka kujua leo nini hufanywa kabla kijana hajashika gurz, nani huulizwa, siku ngapi za kujitenga, sura ngapi za maombi, utapata jibu kwa undani, kwa sababu makuhani wao waliandika. Modi aliandika akiwa ndani ya dini, anajua kila hatua, na hakungoja mgeni aje amwandikie. Kwetu mambo mengi ya nyangi na ya utemi yaliyoandikwa yameandikwa na wageni, wachache wao kwa uaminifu mkubwa, na vitabu hivyo havipatikani kwa urahisi hapa Musoma. Makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere yalifunguliwa Butiama Julai 1999, miezi michache kabla hajafariki. Ni mahali pazuri, na ninawasihi mpeleke watoto. Lakini fimbo ndani ya kabati la kioo haisemi ilitolewa na nani, mbele ya nani, na mwenyewe alikatazwa nini.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wa Mwisenge na wa shule nyingine za Musoma, Bunda na Butiama, mwaka huu, kabla ya likizo ya Desemba, mumpe kila mwanafunzi daftari na maswali matatu ya kumuuliza mzee wa kwao. Fimbo hii, au usinga huu, au kigoda hiki, ulikabidhiwa na nani? Waliokuwepo walikuuliza nini kabla ya kukupa? Na ukiwa nayo mkononi, ni jambo gani hukuruhusiwa kulifanya? Mzee akisema jambo fulani ni la siri, mwanafunzi aandike kwamba ni la siri, aheshimu, apite. Andikeni kwa Kizanaki, Kijita, Kikurya, Kiikizu au Kijaluo kwanza, kisha kwa Kiswahili. Nakala moja ibaki shuleni, na nyingine ipelekwe Butiama, iombewe nafasi karibu na vitu vinavyoonyeshwa pale. Wazee wanaoweza kujibu maswali hayo kwa kumbukumbu yao wenyewe, wala si kwa kusikia, wamebaki wachache katika kila kata. Anzeni na waliovuka miaka themanini.